Darasa la Kuazima

Sehemu ya saba

Mama mmoja alinishika mkono pale soko la Manika, mbele ya meza za samaki wakavu. Jina langu nimelibadilisha katika gazeti hili, lakini Kolwezi ni mji mdogo.

"Weye njo mama wa mu gazeti, si vile?" akaniuliza. "Ule wa jiko ilizama?"

Nikajaribu kuutoa mkono wangu.

"Mi nilikulilia, mama. Wiki yote. Bwana yangu alisema nimekuwa muwazimu."

Akataka kunifungia samaki wa bure. Nikakataa, nikaondoka mbio kama mwizi, na wenye meza wakabaki wananishangaa.

Mama wa samaki, kama unasoma leo, nitakuambia kwa nini nilikimbia. Tangu tumeanza nimewasimulia mambo niliyotendewa. Leo ni zamu ya jambo nililotenda mimi, na mkimaliza kusoma mtanidai machozi yenu.

Kwa asiyenijua bado: niiteni Myriam. Ni direktrisi, yaani mwalimu mkuu, wa masomo ya msingi ya serikali huku mtaa wa Kasulo, shule tunayoiita Tuvumilie. Jirani yangu alichimba kobalti ndani ya nyumba yake, shimo likatembea chini kwa chini hadi kwangu, na jiko langu likashuka ardhini na sufuria ya mboga ya sombe ikiwa juu ya mbabula ya makaa. Bwana yangu Tharcisse akaenda Tenke kutafuta kazi. Kazi aliipata, na mke mwingine pia. Hayo mmeyasoma.

Nilibaki na vitu viwili tu: masomo yangu, na Abigaël.

Abigaël ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ananyonya, na ananiita mama. Anafundisha mwaka wa tatu hapo kwangu, anafundisha vizuri kuliko sisi wote, na kwa miaka serikali haimjui. Hana matrikili. Mwalimu mwenye matrikili, yaani namba yake kule serikalini, analipwa. Asiye nayo anaambiwa avumilie. Zamani wazazi walikuwa wanamchangia kidogo, lakini tangu masomo yawe bure mzazi hatoi kitu, na serikali inamlipa yule inayemjua tu.

Sasa serikali inamjuaje mwalimu? Kwa vichwa vya watoto. Wakaguzi wanakuja, wanahesabu waliokaa darasani siku ile. Darasa likijaa linakubaliwa, na mwalimu wake anaingia kwenye mshahara. Likiwa nusu linafungwa. Hawaulizi kama watoto wanajua kusoma.

Na vichwa vyangu vilikuwa vimehama. Nyumba nyingi mtaani kwetu zilivunjwa kwa ajili ya mashimo, watu wakaondoka. Wengine walifuata machimbo mapya na watoto wao wote. Darasa la Abigaël likabaki na watoto mbele na vumbi nyuma.

"Mama," Abigaël akaniambia siku moja tukichagua maharagwe, "mwaka hii kama hakuna matrikili, mi naacha."

"Unaacha uende wapi?"

"Ku mutoni. Nitasukula mawe na benzangu."

"Weye? Na diplome yako?"

"Diplome banaipika na nini, Mama?"

Nilitupa sahani chini. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu wazee wa kanisa wanasoma gazeti hili. Mama yake, dada yangu, alikuwa anasukula mawe, yaani kuosha mawe ya kobalti mtoni. Alisimama katika maji yale tangu asubuhi hadi jua linazama, na kifua chake kikaisha. Nilimzika mimi. Nilimwahidi pale kaburini kwamba mtoto wake hatatia mguu katika maji yale. Kwa hiyo mnielewe. Sisemi mnisamehe. Nasema mnielewe.

*

Mtaani kwetu sisi wakubwa wa masomo matatu au manne tulikuwa na desturi yetu. Siku ya hesabu, kama darasa lako limepungua, unaazima watoto kwa mwenzako. Unampigia simu, anakutumia darasa zima asubuhi, wakaguzi wanahesabu, mchana unawarudisha na biskuti mkononi. Siku ya kwake, unamtumia wako. Sare ni ileile nchi nzima, nyeupe na bluu. Nani atajua?

Tulikuwa na neno la kuficha. Tulisema, "Nitumie salamu."

Mama Charlotte alikuwa direktrisi wa masomo ya Amkeni, ng'ambo ya pili ya reli. Tulisomea ualimu benchi moja. Jiko langu lilipozama, ni yeye aliyekuja na mkokoteni, akanilaza na Abigaël sebuleni kwake, na hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Hilo mliweke kichwani.

Nikampigia.

"Charlotte, kesho nitumie salamu ya mwaka wa tatu."

"Ya ngapi?"

"Kalasi yote."

"Na bakaguzi bakikuya kwangu kesho?"

"Kwako ni siku ya ine, si kesho. Papy njo alisema."

Papy ni kijana wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, anaegesha mbele ya ofisi ambamo magari ya wakaguzi yanatokea. Sisi tunamwekea vocha, yeye anatuambia gari linaelekea wapi. Alikuwa hajawahi kukosea.

"Basi sawa," Charlotte akasema. "Lakini bale batoto bangu banapenda biskuti ya maziwa, si ile ya mukavu."

Tukacheka. Ndiyo mara ya mwisho tulicheka pamoja.

*

Asubuhi Tata Blanchard akawaleta mwenyewe.

Tata Blanchard ndiye mwalimu wa mwaka wa tatu kwa Charlotte. Mtu mzima (kwetu tata ni baba), amefundisha darasa lile tangu mimi sijaolewa, matrikili yake ya zamani kabisa. Kutoka Amkeni kuja kwangu lazima uvuke reli, halafu barabara ya malori ya mawe. Kwa hiyo alikuwa amefunga mafundo kwenye kamba ndefu, na kila mtoto ameshika fundo lake. Walikuja hivyo, wakiimba, yeye mbele na mkono juu kuzuia malori.

"Mama Direktrisi, bo hawa," akasema. "Bale habana biatu nilibaacha kule. Sikupenda uone haya mbele ya bakubwa."

Mtu alitembeza darasa lake mwenyewe hadi kwangu, na akafikiria pia haya yangu.

Nikawaketisha kwenye mabenchi ya nyuma, kati ya watoto wetu. Nikawafundisha kazi yao.

"Munasoma wapi?"

"Amke..." wengine wakaanza.

"Hapana! Leo munasoma Tuvumilie. Munasoma wapi?"

"Tuvumilie!"

"Mama yenu ni nani?"

"Mama Myriam!"

Kulikuwa na kasichana kamoja kanaitwa Gloire, meno mawili ya mbele yameng'oka. Kalipiga kelele kuliko wote.

"Mama, na biskuti?" kakauliza.

"Biskuti iko. Mukisema muzuri, nitawapa."

Abigaël alikuwa ubaoni, anaandika tarehe. Aliiandika, akaifuta, akaiandika tena.

Ndipo simu yangu ikalia. Nikatoka nje ya mlango. Alikuwa Papy, na nyuma yake nasikia pikipiki inanguruma.

"Mama, mambo imeharibika! Bamegawanyika. Motokari ni mbili. Moja inakuya kwako, ingine inavuka reli. Inaenda kwa Mama Charlotte!"

"Lini?"

"Sasa hii! Lakini iko nyuma ya train ya mawe, inangojea pale ku reli. Mi niko karibu na weye. Nikuye? Naita benzangu, tunabeba batoto bane bane, tunapita njia ya nyuma. Nikipiga mbio tutafika mbele yao."

Nikavuta mlango wa darasa, ukafungika.

"Mama Myriam! Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nikuye?"

Dirisha la darasa liko pale mlangoni. Nikachungulia. Mabenchi yamejaa hadi ukutani. Ilikuwa zamani sijaona darasa lile limejaa. Na Abigaël katikati, na chaki, na sketi yake ya bluu aliyoipiga pasi mara mbili.

Watoto wa Charlotte wakirudi, darasa la Charlotte linapona na la Abigaël linakufa. Wakibaki, ni kinyume chake. Hakukuwa na njia ya tatu. Nimeitafuta hadi leo, sijaiona.

"Hapana," nikamwambia Papy. "Acha tu."

"Mama, lakini Mama Charlotte..."

"Nimesema acha! Na usimupigie. Mi mwenyewe nitamupigia."

Nikakata.

Tata Blanchard alikuwa amekaa kwenye ngazi, anakunywa maji niliyompa, anakunja kamba yake.

"Kuko nini, Mama?"

"Hakuna kitu, Tata. Ni bwana yangu, anapiga toka Tenke."

Uso wake ukafunguka. "Mungu asifiwe! Alikumbuka nyumba!"

Nikamwambia ndiyo, Mungu asifiwe. Eh, mimi! Ulimi wangu haukukauka!

Sikumpigia Charlotte. Yeye ndiye alinipigia. Simu ilitetemeka juu ya meza ya ofisi, jina lake limeandikwa pale, CHARLOTTE DADA. Ikanyamaza, ikaanza tena. Nikaigeuza kifudifudi. Ikaanza tena. Nikaizima.

*

Mkubwa wa wakaguzi, Tata René, alikuwa mtu mpole, mnene, anahesabu kwa kugusa kila kichwa na kifuniko cha kalamu. Hakuwa na haraka.

"Munasoma wapi, batoto?"

"TUVUMILIE!"

"Mama yenu?"

"MAMA MYRIAM!"

Akacheka hadi tumbo likacheza. "Mama Direktrisi, kalasi kama hii njo tunataka. Imejaa. Tunaikubali."

Abigaël aliweka chaki chini, akafunika uso kwa mikono miwili. Nilimshika mabega. Nilikuwa na furaha, siwadanganyi. Na chini ya furaha ile kulikuwa na kitu kinaninukia mimi mwenyewe.

Gari lilipoondoka, nikawatoa watoto wa Charlotte mbiombio kwa mlango wa nyuma. Niliogopa gari la pili lisije likapitia kwangu. "Haraka, haraka, mushike kamba!" Tata Blanchard hakuelewa haraka ile, lakini alitii. Katoni ya biskuti ilibaki juu ya meza yangu haijafunguliwa. Biskuti za maziwa.

Mchana Charlotte akafika. Hakuwa na kitambaa kichwani. Sijawahi kumwona Charlotte njiani bila kitambaa.

"Bamefunga," akasema.

"Bamefunga nini?" nikauliza, kana kwamba mimi ni mjinga.

"Mwaka wa tatu. Bamekuya leo, Myriam. Leo! Bamekuta tu bale habana biatu. Bamesema hapa hakuna kalasi, ni batoto tu banapumuzika." Akakaa sakafuni pale ofisini, mguu huku na mguu huku. "Nilikupigia. Nilikupigia sana."

"Batri ilikufa," nikasema. "Unajua umeme ya kwetu."

Akanishika mkono. "Nilijua. Nilisema na moyo yangu, Myriam angejua, angebarudisha na mbio. Angebabeba ku mugongo."

Nilimpa maji. Alikunywa, akanishukuru.

*

Sikilizeni sasa Mungu alivyonipiga.

Wiki tatu baadaye, Abigaël akiwa ubaoni, mtu akagonga. Alikuwa Tata Blanchard. Ameshika kofia kifuani, na nyuma yake ile kamba, na kwenye kamba watoto wote wa mwaka wa tatu wa Amkeni.

"Pole, Mama Direktrisi," akasema. "Pole, mwalimu. Bamenituma huku."

Huko juu walikuwa wametazama. Tuvumilie kuna darasa limejaa, linahitaji mwalimu. Amkeni kuna mwalimu mwenye matrikili, hana darasa. Basi mwalimu ahamie kwenye darasa. Na watoto wa Amkeni waliokosa darasa, mwaka wa tatu wa karibu ni wapi? Tuvumilie. Kila kitu sawasawa. Aliyefanya hesabu ile wala hakuwa mtu mbaya.

Niliiba darasa la rafiki yangu nimpe mtoto wangu. Serikali ikalichukua kwa mtoto wangu ikalirudisha kwa mwenyewe, ila likiwa kwangu.

Abigaël hakulia. Alipangusa mikono, akampa Tata Blanchard chaki kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa. "Karibu, Tata," akasema. Akatoka.

Nilimkuta nyumbani anakunja nguo.

"Unaenda wapi?"

"Mama, ile siku ya Papy. Dirisha ilikuwa wazi, na Papy alipiga kelele."

Nikaishika nguo aliyokuwa anakunja.

"Nilisikia yote," akasema. "Na nilinyamaza. Nilisema na roho yangu, acha Mama afanye. Basi tusisumbuane. Tulifanya babili, na mi nalipa."

"Mwanangu, ngojea. Nitaenda kwa Tata René."

Nikaenda, kwa miguu yangu mwenyewe, hadi ofisini. Tata René alinipokea vizuri. Akaniambia kwa sauti ya chini: Blanchard ni mzee, mwisho wa mwaka anapumzika. Nafasi yake itabaki Tuvumilie, maana darasa ni la Tuvumilie. "Mutoto yako avumilie kidogo tu, Mama. Asiondoke. Kama hakuna matata, njo yeye atachukua nafasi."

Kama hakuna matata. Nilirudi na neno lile nimelibeba kama yai. Abigaël akafungua tena nguo zake. Tukakubaliana kungoja, na kunyamaza.

Lakini kila asubuhi ile kamba inafika.

Kila asubuhi nasimama mlangoni nawatazama wale watoto wa ng'ambo wanavuka barabara ya malori, vumbi limewafunika hadi kope, Tata Blanchard mbele na mkono juu. Zamani masomo yao yalikuwa mlango wa pili na nyumba zao. Watatu waliacha wiki ya kwanza, wazazi wamekataa barabara. Nilijua ni kwa sababu yangu. Niliwasalimia wote, hata hivyo. Niliwaambia, "Muamuke muzuri, batoto," na nikaenda kunywa chai yangu.

Mpaka siku ile lori lilipowapita karibu mno. Halikumgusa mtoto, ila chuma cha ubavuni mwake kilinasa mwisho wa kamba, kikaivuta. Watoto wakaanguka wote pamoja. Wengi waliachia. Gloire hakuachia, maana mwalimu alimwambia usiachie fundo lako. Likamburuta hadi kwenye mfereji, ndipo kamba ikakatika.

Niliosha magoti yake mimi. Nyama ilionekana. Ngumi yake ilikuwa imefunga bado, kipande cha kamba ndani.

"Mama, sikuachia," akaniambia.

Nilifunga bandeji ya pili, na sikumtazama usoni.

*

Charlotte alisikia kabla ya saa sita. Alikuja hadi nyumbani kwangu.

"Nimemaliza," akasema. "Kesho Tata René anapitia kwako. Nitakuya. Nitamwambia ile batoto nilikukopesha. Banifukuze, bafanye nini, lakini batoto barudi ng'ambo yetu."

"Charlotte, bakikufukuza..."

"Nitauza mandazi. Weye nakuomba neno moja tu. Akikuuliza, sema: hii batoto ni ya Charlotte. Hautasema ingine. Vocha, desturi, nani alianza, hiyo yote nabeba mi."

Aliniachia njia safi hivyo. Hakujua habari ya simu. Alidhani dhambi yetu ni moja, na alitaka kuibeba peke yake.

"Nitasema," nikamwambia.

"Ya kweli?"

"Ya kweli, dada yangu."

Alipoondoka, Abigaël akatoka chumbani. Hakuongea. Alitazama tu mfuko wake wa nguo kwenye kona, halafu akanitazama mimi. Ningependa zaidi kama angenitukana.

*

Tata René alifika saa nne za asubuhi, akaingia darasani moja kwa moja. Charlotte alikuwa ameshafika, kitambaa kimefungwa vizuri, utepe wa akina mama wa kanisa shingoni. Tata Blanchard alikuwa ubaoni. Abigaël alisimama mlangoni. Watoto wameketi, na Gloire benchi la mbele na bandeji zake mbili.

Charlotte akasema yote. Hakulia, hakupamba. Alisema, niliazimisha darasa langu, nimekosa, lakini hawa ni watoto wa Amkeni, na jana nusura tuwazike. Tata Blanchard aliinamisha kichwa.

Tata René alisikiliza hadi mwisho. Akafungua kalamu.

"Mama Charlotte, hii neno ni kubwa. Mi nilihesabu hapa na mukono yangu. Batoto bote balinijibu..." Akasita, akanigeukia. "Mama Direktrisi. Weye njo mwenye masomo. Siku ile, hii batoto ilikuwa ya nani?"

Neno moja. Ya Charlotte. Lilikuwa pale mdomoni, tayari.

Nikaona mfuko kwenye kona ya nyumba yangu. Nikaona maji yale ya mtoni, na dada yangu ndani yake hadi kiunoni. Nikageuza macho, nikakutana na macho ya Abigaël pale mlangoni, na yeye akayaondoa.

"Myriam," Charlotte akasema polepole. "Sema."

Sikusema.

Tata René alingoja. Halafu akapumua, kama mtu amechoka na wakubwa, akawageukia watoto. Akatabasamu kama siku ile ya kwanza.

"Haya, batoto. Niambieni nyinyi benyewe, kama ile siku ya hesabu. Munasoma wapi?"

Walinitazama mimi kwanza. Wote. Halafu wakasimama, kama nilivyowafundisha.

"TUVUMILIE!"

"Mama yenu ni nani?"

"MAMA MYRIAM!"

Charlotte alishika ukingo wa benchi. Hakuwatazama watoto. Alikuwa ananitazama mimi, na nikaona polepole anaanza kuhesabu moyoni: ile siku, ile simu, ile batri. Tata Blanchard aliweka chaki chini.

Tata René alikuwa ameshafunika kalamu yake, anataka kuondoka, wakati Gloire aliponyoosha mkono juu.

"Mama Myriam," akasema, na lile pengo la meno likaonekana. "Leo tena tumesema muzuri. Biskuti yetu ya ile siku, utatupa leo?"

Hakuna aliyecheka.

"Biskuti gani?" Tata René akauliza. Hakumwuliza Gloire. Aliniuliza mimi, na darasa zima likageuka, na Abigaël pale mlangoni akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikafungua kinywa.

(Itaendelea)